Tuliochelewa Pamoja

Abiria wa Reli ya Kati hawakuulizana treni itafika lini. Waliulizana imelala wapi. Kwa mujibu wa ratiba, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwenye njia iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1905 na 1914, ni safari ya kulala njiani mara mbili. Mama alifungasha kana kwamba tutalala mara nne: maandazi makavu, mayai ya kuchemsha, dagaa wa kukaanga, chupa ya chai, na ndoo ndogo yenye kifuniko ambayo haikuwa ya chakula.

Njia ilikuwa moja tu, ya kwenda na ya kurudi, hivyo treni yetu ilisimama kwenye stesheni ndogo kungoja ya mizigo ipite. Kupishana huko kuliweza kumaliza mchana mzima. Mvua zilipochachamaa, kati ya Kilosa na Gulwe maji ya mto Mkondoa yalizoa tuta la reli, na abiria wakalala papo hapo hadi mafundi wamwage kokoto upya, au wakapakiwa kwenye mabasi kuvushwa palipobomoka. Ramani hatukuwa nayo. Nchi tuliijua kwa vilivyoletwa dirishani: kuku wa Saranda, asali ya Tabora, chumvi ya Uvinza.

Kwetu watoto, kuchelewa kulikuwa sikukuu. Tulishuka kucheza kandokando ya reli mpaka kichwa cha treni kipige honi. Usiku tulilazwa sakafuni juu ya khanga, chini ya viti vya daraja la tatu, miguu ya watu wazima ikiwa ukuta wetu. Behewa zima lilitulea. Mwanamke tusiyemjua alinyoosha mikono akamwambia mama, “Dada, nipe huyo mtoto, nawe ujinyooshe kidogo.” Mzee wa kiti cha mbele alitugawia embe, kisha akatukaripia kwa kuning’inia mlangoni, na mama akamshukuru kwa yote mawili.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya reli mpya, SGR, inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa nne hivi au pungufu, ikikimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Nimeipanda na wanangu. Mkubwa aliuliza kama kuna pa kuchaji simu. Alipoonyeshwa, hakuuliza tena jambo lolote. Jirani yetu alikuwa ameziba masikio kwa spika zake ndogo. Hakuna aliyempokea mtoto wa mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyechoka kiasi hicho. Mdogo alipoanza kununa, tulikuwa tumeshafika.

Nilimsimulia mama, na kwa majonzi kidogo nikaisifia treni ya zamani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanikumbusha usiku mmoja pale Gulwe ambao mimi niliuhesabu miongoni mwa raha za utoto: mdogo wangu ana homa, maji ya kunywa yamekwisha, nepi zilizoanikwa dirishani zimekataa kukauka, na hakuna wa kusema tutaondoka saa ngapi. “Nyinyi mlikuwa mnacheza,” akasema. “Mimi nilikuwa nahesabu maandazi.”

Tangu hapo ninaisifia treni ile kwa tahadhari. Ukarimu wa behewa ulikuwa wa kweli, lakini ulizaliwa na shida, na sisi tuliousimulia baadaye kwa furaha ndio tuliobeba sehemu ndogo kabisa ya shida yenyewe. Utamu nilioupata mimi, mama ndiye aliyeulipia.

Na wala mambo hayo hayajapita kwa kila mtu. Nikiandika haya, reli mpya ya kuelekea Tabora na Kigoma bado inajengwa. Mama wa Kigoma mwenye watoto wadogo bado anasafiri kwa njia ile ile ya Mjerumani, na akiwa na busara hufungasha maandazi ya akiba. Siwezi kumwambia kwamba ana bahati ya kusafiri na majirani wema. Majirani wale ninawatamani hadi leo, ila ningependa zaidi watoto wake wafike kwa wakati, hata kama watakua bila hadithi za kusimulia.