Mti wa Mathenge katika Nchi ya Baringo

Mtu atokaye Nakuru kwenda kaskazini huacha baridi ya milimani, akashuka hata Marigat, penye joto kali na vumbi. Kutoka hapo nchi ni tambarare mpaka Ziwa Baringo, nayo ni malisho ya Wailchamus, wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Lakini katika Ng'ambo na Salabani msafiri huona majani machache mno. Aonacho ni kichaka kibichi chenye miiba, kilichoziba hata njia za mifugo. Ndio mathenge.

Asili ya mti huu ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, kufunika machimbo ya mawe ya saruji. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo. Nia ilikuwa njema, maana ardhi ilikuwa uchi na kuni zilikuwa haba.

Ajabu ni kwamba sifa zilizoupendekeza mti ndizo zilizoleta taabu. Mizizi yake hufuata maji chini sana, basi ukame hauuwezi. Maganda yake ni matamu. Mbuzi huyala kwa pupa, na mbegu hupita tumboni nzima, zikaota penye samadi. Mafuriko huzichukua mbali zaidi. Utamu huo huo huozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 Wailchamus waliishtaki serikali huko Nairobi, wakaleta mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa kuwa gugu baya kwa mujibu wa sheria.

Australia, ambako miti ya jamii hiyo imekwisha kushika malisho mengi, tangu 1997 kila mmea mgeni hupimwa kwa maswali 49 kabla ya kuruhusiwa kuingia. Je, umekuwa gugu katika nchi nyingine? Una miiba? Wanyama hueneza mbegu zake? Ukikatwa huchipua? Majibu hupewa alama, na mmea wenye alama nyingi hukataliwa. Mchungaji yeyote wa Salabani angeweza leo kuyajibu maswali hayo manne bila kufungua kitabu.

Wenyeji hawakukaa bure. Huchoma makaa ya mathenge, wakayauza kwa magunia, na wengine husaga maganda kuwa chakula cha mifugo, kwa kuwa mbegu iliyosagwa haioti. Kazi ngumu ni kung'oa. Shina likiachwa ardhini huchipua tena, na penye mti mmoja huinuka machipukizi mengi.