Ubao wa Jahazi Kuukuu

Ndugu msomaji, kama umewahi kununua ubao kwa kuambiwa jina lake tu, hapana shaka utanielewa.

Mwaka jana, masika ilipokwisha, nilikwenda Bagamoyo kumjulia hali Baba. Baba yangu ni seremala. Alianza kushika randa mwaka 1961, na tangu wakati huo haukuwekwa mlango mtaani kwetu bila ya yeye kuulizwa neno. Siku hizi macho yake yamefifia na randa imetundikwa ukutani. Hata hivyo watu bado humletea vipande vya mbao awaambie ni vya mti gani, naye akishasema, mjadala huwa umekwisha.

Siku ile, pwani karibu na soko la samaki, palikuwa na jahazi kuukuu likibomolewa, na mwenyewe alikuwa akiuza mbao zake. Binti yangu alikuwa aolewe baada ya miezi minne, na mama yake alikuwa amekwisha kudunduliza fedha za kitanda. Nikamshika Baba mkono hadi pale. Akapapasa ubao mmoja, akanusa vidole vyake, akasema: "Huu msaji, mwanangu. Majahazi ya zamani ni msaji wa Malabari. Shika uone unavyoteleza kwa mafuta."

Muuzaji, ambaye mpaka dakika ile alikuwa akiziita "mbao ngumu" tu, alisikia. Bei ikapanda palepale. Nililipa bila ya kubishana, maana kubishana kungekuwa ni kumkanusha Baba mbele za watu. Mbao sita zikapakiwa garini hadi Dar es Salaam.

Kule Keko, fundi kijana aliyeipokea kazi aliinua ubao wa kwanza, akautua chini. "Mzee, huu si mtiki," akasema, akiuita msaji kwa jina lililozoeleka mjini. "Mtiki hauwi mzito namna hii."

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba aliyeutambua ubao ule alikuwa seremala kabla baba yake yeye hajazaliwa. Kijana hakunijibu. Alichukua msumeno akakata kipande mwishoni mwa ubao, kisha kwa wembe mpya akalilainisha lile kato, pale ambapo nyuzi za mti huonekana kwa vichwa vyao. Akaazima lenzi ya fundi saa wa jirani, akanipa nitazame.

Sikuwa nimepata kujua kwamba kitambulisho cha mti kipo pale. Uso wa ubao hudanganya: jua huupausha, chumvi huugeuza kijivu, vanishi huufunika. Lakini kato la kichwani, likipitiwa na chuma kikali, halina pa kujificha. Kijana aliweka kando yake kipande cha mtiki wa kweli. Katika mtiki ule vitundu vikubwa vilijipanga safu kwa safu, mduara nje ya mduara, kwa kuwa mti huo hukua kwa kufuata misimu. Katika ubao wetu vitundu vilikuwa vimetawanyika bila ya safu, kila kimoja kimezungukwa na weupe mfano wa jicho na kope zake, na baadhi vilikuwa na unga wa rangi ya manjano ndani yake.

"Mbambakofi," akasema. "Kwetu Lindi tunauita mkongo." Fundi mwenziwe, mtu wa Tabora, akadakia kwamba kwao ni mkola. Mti mmoja, majina matatu! Nikaelewa kwa nini Idara ya Misitu ilipotoa kule Moshi, mwaka 1967, kitabu cha Bryce juu ya miti ya mbao ya Tanzania, kila mti uliandikwa na jina lake la Kilatini. Wataalamu huuita huu *Afzelia quanzensis*, na hapo fundi wa Lindi na wa Tabora hawana la kugombania.

Nisieleweke vibaya. Mbambakofi ni mti wa heshima. Hauliwi upesi na mchwa, na wachonga milango wa pwani wameutumia tangu zamani. Mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu tulizichezea utotoni. Kilichoniuma ni Baba.

Nikauliza yale mafuta yalitoka wapi. Kijana akaunusa ubao, akacheka. "Sifa hiyo, Mzee." Mabaharia huzipaka mbao za chombo sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, zisipasuke kwa jua na maji. Ubao ule ulikuwa umeyanywa miaka mingi. Wala si kila jahazi lililojengwa kwa msaji wa ng'ambo; mengi yaliundwa hapahapa pwani, kwa miti ya hapahapa.

Mke wangu alisema nisimwambie Baba kabisa. Mdogo wangu alisema nimwambie, kwa sababu kesho mwingine atalipa fedha zake kwa neno lilelile. Nilikaa wiki mbili bila ya kuamua. Seremala asiyeona, akinyang'anywa na pua yake, atabaki na nini?

Mwishowe nilikwenda na vipande vitatu vya kipimo kimoja: mtiki, mvule, na kile chetu, kilichokatwa katikati kabisa ambako sifa haikufika. Nilimwekea mikononi bila ya kusema kitu.

"Mtiki," akasema juu ya cha kwanza. "Wa kupandwa huu, tena mchanga." Cha pili alikikwaruza kwa ukucha, akakinusa. "Mvule." Cha tatu alikipima kiganjani kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba penye kato.

"Mbambakofi. Umekitoa wapi?"

"Katika zile mbao za jahazi, Baba."

Alinyamaza. Kisha akauliza neno moja tu: "Sifa?"

"Sifa, Baba."

Akaomba kofia yake na mkongojo. Tulikwenda polepole hadi pwani, na pale, mbele ya wavuvi, alimwambia muuzaji kwamba jina alilolitaja siku ile halikuwa sahihi. Muuzaji aliona haya, akataka kurudisha sehemu ya fedha. Baba akakataa. "Wewe ulisema mbao ngumu. Jina nililitia mimi." Fedha zilikuwa zangu, lakini sikuthubutu kufungua kinywa.

Njiani aliniuliza habari za yule kijana wa Keko, umri wake na aliyemfundisha kazi. Akafikiri, akasema: "Mwambie anoe randa mara mbili. Mbambakofi haupendi chuma butu. Na misumari ya zamani aitafute kwanza, isije ikamvunjia meno ya msumeno."