Desemba Inapofika Tarime na Mugumu

Safari yetu ya mwezi huu inatupeleka mkoa wa Mara. Kutoka Musoma tunavuka mto Mara penye daraja la Kirumi, kisha barabara inapanda hadi Tarime, nchi ya baridi yenye migomba, mahindi na kahawa. Tukielekea mashariki kupitia Nyamongo na kuuvuka mto tena, tunafika Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Wageni wengi hupita hapa wakienda kuona wanyama. Sisi tunatazama jambo la nyumbani: mila ya kukeketa wasichana, na mvutano wake na imani yetu.

Kwa Wakurya, msimu hupangwa na baraza la wazee wa mila, inchama. Mara nyingi huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Msichana asiyekeketwa huitwa omosagane, jina la dharau. Baba huhofia ng'ombe wa mahari kupungua. Mama huhofia kuchekwa na wenzake. Sheria ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa kosa la kumkeketa binti wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa, na nchi nzima 10 katika kila 100.

Mvutano huu wa Kanisa na mila si mpya. Mwaka 1929, huko Kenya, baadhi ya misheni ziliwataka Wakikuyu waumini waikane tohara ya wasichana. Wengi walitoka, wakaanzisha makanisa na shule zao. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, alipita njia nyingine: aliipokea jando ya wavulana, akaiwekea sala na mafundisho ya Kikristo.

Ukeketaji hauwezi kupokelewa hivyo, kwa kuwa humjeruhi mtoto na kumletea taabu siku ya kujifungua. Lakini fundisho linabaki: ukimwondolea mtu desturi, mwonyeshe mahali pengine pa kusimama.

Ndivyo inavyofanyika Masanga, wilayani Tarime, katika kituo cha Kanisa Katoliki. Wasichana hukusanyika wakati wa msimu, hufundishwa juu ya miili yao na maisha ya utu uzima, kisha hushangiliwa kuwa wamekua, pasipo kisu. Mugumu nako, mwaka 2014, ilifunguliwa nyumba salama chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Mara. Aliyeiongoza ni Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana.

Kumpokea binti aliyekimbia usiku ni mwanzo tu. Msimu ukiisha, wazazi huitwa, huzungumza na kutia sahihi ahadi ya kutomdhuru, ndipo binti hurudi nyumbani. Wazazi wengine hukataa. Binti yao hubaki kituoni, akisoma au kujifunza kushona, huku akijua mama yake yuko ng'ambo ya kilima tu. Huyo amefundishwa kanisani kuwaheshimu baba na mama. Tusimwachie peke yake mzigo wa kuchagua.

Basi tuanze sisi, kabla shule hazijafungwa. Tuzungumze na binti zetu, na pia na bibi na mashangazi wao. Na wewe mama mwenye mtoto wa kiume, jiulize: siku atakapokuletea mchumba asiyekeketwa, utampokea kwa furaha kama mkamwana wako? Ukisema ndiyo, na majirani wakakusikia, hofu ya mama mwenye binti itapungua.