Mama, Bibi wa Kypseli na Sahani ya Terere

MAMA aliondoka nyumbani mwaka wa 1998, nikiwa na umri wa miaka minane, akaenda Athens kumtunza bibi kizee mmoja wa Kigiriki katika mtaa wa Kypseli. Alirudi mwaka wa 2012, uchumi wa Ugiriki ulipokuwa umeporomoka na jamaa za bibi huyo wakawa hawamudu tena kumlipa. Miaka kumi na minne! Sisi watoto tulilelewa na nyanya kwa pesa alizotutumia, na kila tulipokula sukuma wiki usiku wa tatu mfululizo, nilijiambia kimoyomoyo kwamba mwenzetu huko Ulaya anakula kuku.

Kwa hivyo Julai mwaka jana, tulipokwenda London kumtembelea ndugu yangu ambaye ni muuguzi huko, sikufurahi Mama aliposema kitu anachotamani ni chakula cha Kigiriki, tena cha Kigiriki hasa. Lakini mama ni mama. Tukaanza kutafuta.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa katikati ya jiji, umepakwa rangi ya samawati na nyeupe kama bendera ya Ugiriki. Saladi ililetwa imejaa letasi. Mama aliigeuzageuza kwa uma, akaguna. Saladi ya kijijini ya Wagiriki, alinieleza, ni nyanya, matango, vitunguu, zeituni na bonge la jibini la feta juu yake, basi. Bili nilipoiona, nilitamani ningekula hata hiyo bendera.

Wa pili tuliupata kaskazini mwa jiji, Palmers Green. Hapo nilijifunza jambo: wengi wa “Wagiriki” wenye mikahawa London asili yao ni Cyprus, kisiwa kilichokuwa koloni la Uingereza hadi 1960. Wengine walikimbilia huko baada ya jeshi la Uturuki kukivamia kisiwa mwaka wa 1974. (Watu wa Riruta, Nairobi, wanalijua jina la mmoja wa wana wa Cyprus: Askofu Mkuu Makarios, rais wa kwanza wa kisiwa hicho, ambaye chuo cha makasisi wa Kiothodoksi mtaani humo kinaitwa kwa jina lake.) Tuliletewa jibini la halloumi lililochomwa, kisha kleftiko, nyama ya kondoo iliyookwa polepole hadi ikawa inajitenga yenyewe na mfupa. Mimi nilikula nikalegeza mshipi. Mama alizungumza na mwenye mkahawa, wakachekana, kwani Kigiriki chao kinatofautiana kama Kiswahili cha Lamu na cha Nairobi.

“Chakula ni kizuri,” aliniambia tukitoka, “lakini si cha kule nilikokaa.”

“Sasa Mama, unatafuta nini hasa?” niliuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu sana.

“Horta,” akajibu.

Horta ni mboga za majani, msomaji. Huchemshwa, maji yakamwagwa, zikatiwa chumvi, mafuta ya zeituni na limau. Ni chakula cha mashambani, na mkahawa usiokuwa nacho, kwa maoni ya Mama, unapikia watalii.

Jumapili tulikwenda Bayswater, kwenye kanisa kuu la Wagiriki lililojengwa miaka ya 1870. Mama hakuwauliza vijana. Alimvizia ajuza aliyevaa nguo nyeusi akitoka ibadani, wakanong’onezana, na ajuza akatuelekeza kwenye kijimkahawa chenye meza sita. Kwenye menyu, horta haikuwamo. Mama akauliza kwa Kigiriki. Weita alimtazama mwanamke huyu Mwafrika, akageuka na kuita jikoni.

Sahani ilipowekwa mezani, niliitambua mara moja. Terere! Jani lilelile la shambani kwa nyanya. Wagiriki huiita vlita, na huila wakati wa kiangazi.

“Kiangazi changu cha kwanza,” Mama akasema, “yule bibi alinipeleka sokoni. Nikaona terere imefungwa mafungu mafungu. Nililia pale mbele za watu, naye akadhani nimeibiwa.” Tangu siku hiyo walipika pamoja. Jioni nyingi Mama alikula hiyo na mkate, kwa sababu kila alipotaka kujinunulia nyama alipiga hesabu ya karo ya shule.

Karo yangu hiyo. Niliuweka uma chini.

Mpishi, mama wa makamo, alikuja akipangusa mikono kwa aproni. Aliuliza jambo akinielekezea kidevu. Mama alimjibu kwa kirefu, mkono wake ukiwa begani kwangu. Mimi niliambulia maneno mawili tu, jina langu na Kypseli. Yule mpishi akarudi jikoni, na alipotoka alikuwa na sahani nyingine ya mboga ambayo hakuna aliyeiagiza na nusu ya limau. Akaiweka mbele yangu.