Kila Kitufe na Mnyama Wake

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia inaipasua Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na kila abiria wa basi aliyewahi kupita njia hiyo ana hadithi ya twiga aliyemwona dirishani huku akimenya karanga. Ndiyo maana niliichagua. Nilitaka mahali ninapofika kwa treni na basi, nilale mji mdogo kwa bei ya mfuko wangu, na alfajiri yake niwe mbele ya wanyama na kamera ambayo hadi wakati huo ilikuwa imewapiga picha paka wa jirani na kunguru wa Mwananyamala tu.

Kamera yenyewe ni ya zile zisizo na kioo ndani, ambazo vijana wa Kariakoo huziita mirolesi. Kwa miaka mingi kamera nyingi za lenzi za kubadilisha zilikuwa na kioo kilicholala mshazari mbele ya filamu, baadaye mbele ya sensa. Mwanga uliingia, ukagonga kioo, ukapanda hadi jichoni mwa mpigaji. Ulipobonyeza, kioo kiliinuka, na kwa kitambo hicho kidogo mpigaji alikuwa haoni kitu. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds, wakakiondoa kioo kile, na kampuni nyingine zikafuata moja moja. Watangazaji husifu wepesi. Kwa mtu wa wanyama faida kubwa zaidi ni kwamba sensa inaona muda wote, na kompyuta iliyo nyuma yake imefundishwa kulitambua jicho la mnyama na kulifuata popote linapokwenda ndani ya fremu.

Lakini kamera hizi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa ajili ya sherehe za harusi. Kwa hiyo safari yangu ilianzia mezani nyumbani, na kazi ya hapo ilichukua muda mrefu kuliko treni na basi kwa pamoja.

Nilianza na gurudumu dogo pembeni ya dirisha la kutazamia, lile linalorekebishwa kufuata macho ya mtu. Mvaa miwani asiyelijua atadhani lenzi yake ni mbovu maisha yake yote. Nikalizungusha hadi tarakimu za chini zikasomeka bila kukunja uso. Kisha nikazima milio yote, na ile taa ya rangi ya chungwa inayosaidia kufokasi gizani. Twiga hahitaji tochi usoni. Nikazima pia kurekodi mahali picha ilipopigwa. Mikumi ina tembo, na faili inayobeba latitudo na longitudo ikisambaa mtandaoni inaweza kumfaa mtu ambaye nisingependa kumwelekeza njia.

Lenzi ni ya milimita 100 hadi 400. Kwa kuwa sensa yangu ni ndogo na hukata picha kwa mara 1.6, milimita 400 huona mbali kama 640. Kamera na lenzi pamoja ni kilo moja na robo, mzigo ambao mkono unaubeba kutwa nzima. Gharama ya wepesi huo ni mwanga: lenzi ikivutwa mwisho, tundu lake haliwi pana kupita f/8. Wenye lenzi za tundu pana la f/4 hupiga jua likiwa bado kitandani. Mimi ilinibidi nipange hesabu ya mwanga kwa ubahili.

Hesabu hiyo niliifanya hivi. Tundu na kasi ya shata nikajichagulia mwenyewe, ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, nikaiachia kamera iipandishe na kuishusha yenyewe, ila isivuke 6400. Wako wapiga picha wanaosema mtu wa kweli huweka vyote vitatu kwa mkono. Nawaheshimu, lakini wingu la Septemba linapopita mbele ya jua halisubiri mtu amalize kuzungusha vigurudumu. Juu ya kamera kuna alama tatu, C1, C2 na C3, ambazo kila moja huhifadhi mpangilio mzima. C1 nikaipa kasi ya 1/500 kwa mnyama aliyesimama au anayetembea. C2 ikapata 1/2000 kwa anayekimbia au kuruka. C3 ikawa ya alfajiri: 1/250, kwa kutegemea kwamba sensa na lenzi zote zina vitulizo vya kuzuia mtikisiko wa mikono. Kitulizo hakimzuii mnyama kutikisika, hilo watu husahau. C3 ni ya simba aliyelala.

Jambo lililonikalisha zaidi ni kidole gumba. Kwa kawaida kitufe cha kupigia kikibonyezwa nusu ndicho kinachofokasi. Nilikinyang'anya kazi hiyo nikaihamishia nyuma, kwenye vitufe viwili vinavyofikiwa na gumba. Cha kwanza humtafuta mnyama kote kwenye fremu na kumfuata jicho. Cha pili, chenye alama ya nyota, kinafokasi kwenye nukta moja ndogo katikati na kupuuza mengine yote. Nikifanya hivyo, kidole cha shahada kinabaki na kazi moja ya kupiga, na gumba ndilo linaloamua kamera iwe na akili au iwe mtiifu.

Ukabaki ubishi wa shata. Ya mitambo hupiga fremu 15 kwa sekunde kwa kelele za cherehani. Ya kielektroniki ni kimya na hupiga 30, lakini sensa ya daraja hili husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Bawa likishuka kwa kasi wakati mistari inasomwa, kwenye picha huonekana limepinda. Kamera ghali kama Nikon Z9 ya mwaka 2021 husoma haraka kiasi kwamba watengenezaji waliiondoa kabisa shata ya mitambo. Kwangu mimi ukimya ulibaki wa wanyama waliotulia karibu, na mitambo ikawa ya mabawa na miguu.

Fundi cherehani wa mtaani alinishonea mfuko kutoka mguu wa jinzi kuukuu, nikaujaza kilo mbili za mchele. Ndio mto wa kulazia lenzi dirishani mwa gari. Standi ya miguu mitatu ndani ya gari ni usumbufu mtupu.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ilinifikisha Morogoro kabla sijamaliza kusoma gazeti. Kutoka hapo basi liliacha milima ya Uluguru nyuma, na baada ya muda likapunguza mwendo. Vibao vya kikomo cha 50 vilitokea, matuta yakaanza, na kondakta akatangaza kwa sauti ya mwenye mali kwamba tumeingia hifadhini. Swala pala walikuwa wamesimama kando ya lami, hawana habari na malori ya shaba. Kamera niliiacha begini. Kioo cha basi kina vumbi la mikoa mitatu, na nilitaka kwanza kuwaona.

Dereva niliyemkodi Mikumi mjini ni mzee mwenyeji wa Kilosa ambaye amepeleka watu porini tangu ujana wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama lenzi.

"Mwanangu, hiyo bunduki yako inafika wapi?"

Nilimweleza habari ya milimita. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema ataniweka mahali ambapo haitahitaji kufika mbali.

Tuliingia getini saa kumi na mbili asubuhi, giza likiwa linakatika. Uwanda wa Mkata ulikuwa wa rangi ya majivu, nyasi zimekauka na kupungua. Majike wawili wa simba walikuwa wamelala mita chache kutoka njiani, na mzee alizima injini kabla sijafungua mdomo. Injini ikinguruma, mwili mzima wa gari hutetemeka, na kwa kasi ya 1/250 mtetemeko huo huingia kwenye picha. Mzee hakufundishwa hilo na kamera. Alisema injini ikizimwa simba huacha kukutazama.

Nilibonyeza gumba. Kisanduku cha fokasi kiling'ang'ania nyasi zilizokuwa mbele ya uso wa simba, kikaruka jichoni, kikarudi kwenye nyasi. Hapo nyota ilifanya kazi yake: nukta moja, kwenye upenyo kati ya mashina mawili, jicho likatulia. Tundu f/8, ISO imefika 6400 na kugota hapo. Nilipiga chache.

"Subiri," mzee akanong'ona. "Simba akipiga miayo mfululizo, anataka kuinuka."

Jike wa pili akapiga miayo. Akarudia. Nikahama kutoka C3 kwenda C1, na alipoinuka na kujinyoosha, kamera ilikuwa tayari ina kasi ya kumshika. Nilikuwa nimejipanga kutumia C1 mwanga ukizidi. Mzee aliifanya iwe ya miayo ya pili.

Tangu hapo nilianza kuielewa menyu kwa namna nyingine. Nyumbani nilipanga kasi kwa kufuata mwanga na hesabu za vitabu. Porini kila kitufe kilikuwa na mnyama wake, na mnyama alikuwa na tabia ambayo mzee aliijua. Twiga kwenye dimbwi hutanua miguu, huinama na kunywa, na wakati huo si wa kujaza kadi; picha ipo pale anapokinyanyua kichwa ghafla na maji kuchora upinde hewani. Ngiri husimama kama aliyesahau jambo, halafu hutimka mkia wima. "Akigeuka kukutazama mara moja tu, weka ile ya mbio," mzee alisema, akiwa tayari ameanza kuiita C2 "ile ya mbio". Kwenye kundi la pundamilia kompyuta ilichanganyikiwa ichague jicho la nani, kwa hiyo nikaiamuru ianzie kwenye nukta niliyoiweka mimi na ndipo imfuate huyo mmoja.

Kwenye dimbwi la viboko yangeyange alikuwa amesimama juu ya mgongo mweusi, mweupe pepe. Kamera ikiona weusi mwingi hudhani dunia ina giza na kuangaza kila kitu, na manyoya ya yangeyange hugeuka karatasi tupu. Uzuri wa kamera isiyo na kioo ni kwamba kosa hilo unaliona dirishani kabla ya kupiga. Nilizungusha kigurudumu hadi kikasoma kasoro moja, mistari ya manyoya ikarudi.

Ilipofika saa tano hivi mzee alisema twende tukale. Nilidhani ni njaa yake. Hewa ya moto ilikuwa imeanza kupanda kutoka ardhini, na ukitazama nyumbu wa mbali kwa lenzi ndefu unaona miguu yao ikiyeyuka na kuungana. Ni mazigazi. Hewa ya joto huupinda mwanga, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Wapo wanaoendelea kupiga mchana kutwa, kisha jioni wakalaumu fokasi. Tulikula wali chini ya mbuyu, kamera imefunikwa kitenge ili isipikwe na jua wala kumeza vumbi. Betri ya pili nayo niliiweka mahali pa ya kwanza. Kamera hizi hula umeme hata unapotazama tu, kwa sababu dirisha lake ni skrini ndogo inayowaka. Nilikuwa nimeipanga ijizime baada ya dakika moja, na bado mzee alinichajia betri kwenye tundu la kuwashia sigara.

Alasiri tulimkuta kambu kwenye tawi kavu, yule ndege wa kifua cha zambarau na mabawa ya buluu ambayo huyaoni mpaka aruke. Kamera yangu ina uwezo wa kuhifadhi nusu sekunde ya kabla hujabonyeza, na nilikuwa nimeuwekea matumaini makubwa. Ila uwezo huo hutumia shata ya kielektroniki, ile inayopinda mabawa, na hujaza kadi upesi. Mzee aliniambia nimtazame mkia.

"Ndege akijisaidia, ujue mzigo umepungua. Anaondoka."

Niliirudisha shata ya mitambo, C2, gumba likiwa limebana. Kambu akafanya alichofanya, na akaondoka kwa kuelekea upepo, upande tuliokuwapo.

Jioni tulikaa nje ya nyumba ya wageni, picha zikihamia kwenye simu kwa Wi-Fi. Nilimwonyesha simba akijinyoosha, nikisubiri sifa. Akaisukuma pembeni kwa kidole.

"Huyo kila mgeni anaye. Nitumie huyo ngiri."

Nikamtumia. Akaikuza picha hadi kwenye mkia, akaridhika, kisha akasema askari wa hifadhi wamewaona mbwa mwitu upande wa kaskazini, na kwamba hao hawalali wakasubiri jua. Hutembea alfajiri, kwa mwendo wa kukimbia usio na kituo. Yaani mwanga wa C3 na miguu ya C2, mchanganyiko ambao sikuwa nimeutengea alama yoyote. Nikaipandisha kasi ya C3 hadi 1/1000 na kikomo cha ISO hadi 12800. Picha itakuwa na chengachenga. Mbwa mwenye chengachenga anatambulika, mwenye ukungu hatambuliki. Nikachomeka betri ukutani, nikamuuliza mama wa jikoni chai inapatikana saa ngapi. Saa kumi na moja, akasema, ila vitumbua vitakuwa vya jana.