Taa Juu ya Bwawa la Hombolo

Aliyenipeleka Hombolo ni rubani Jack Bicknell wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Asubuhi ya Februari 19, 1951, alipokuwa akiirusha ndege ya Lodestar kutoka Nairobi kwenda Mombasa, fundi wake wa redio alimwonyesha kitu cheupe kinachong'aa juu ya Kilimanjaro. Kwa darubini kilionekana kirefu, cha rangi ya fedha. Kilikaa tuli karibu dakika 17, kisha kikapanda na kutokomea. Kisa hicho hakijaniacha. Nilitaka kujionea jinsi anga linavyoweza kumchezea mtu macho, na kwa giza la usiku, uwanda wa Ugogo, huko Dodoma, hauna mpinzani.

Daladala iliiacha barabara ya Morogoro pale Ihumwa, tukapita mashamba ya uwele na zabibu. Nilifika bwawani jua likizama. Bwawa hilo lilijengwa wakati wa ukoloni, mwaka 1957, na wavuvi wa perege na kambale hukesha kando yake. "Mbukwenyi," nilimwamkia mzee aliyekuwa akishona nyavu. Akanisogezea kigoda.

Kwenye saa tatu usiku, taa nyeupe ilijitokeza upande wa mashariki. Haikusogea, wala haikuwa na mlio. Nilipoikodolea macho ikaanza kutambaa kushoto, mara kulia. Moyo ukanienda mbio.

"Usiitazame hivyo, mwanangu." Mzee alichomeka upondo topeni mbele yangu. "Iweke hapo nchani."

Nikainama kidogo mpaka taa ikakaa juu ya ncha ya upondo. Ikatulia papo hapo! Gizani, nukta moja ya mwanga isiyo na kitu cha kuilinganisha nacho huonekana ikihama, hata kama imesimama. Marubani hufundishwa jambo hili: wasikazie macho taa moja, wayazungushe, waamini vipimo vya ndege. Usiku ambao upeo wa macho hauonekani, hata moto wa shambani unaweza kudhaniwa nyota.

Baadaye taa yetu ikajigawa, nyekundu huku na kijani kule, na ngurumo ikatufikia. Ilikuwa ndege ya kwenda Dodoma. Kwa kuwa ilitujia uso kwa uso, tuliiona kama imesimama.

Nikamsimulia mzee habari za Bicknell. "Naye alichezewa na macho?" akauliza.

"Kulikuwa kumekucha, babu, na mlima ulikuwa pale pale chini ya kile kitu."

"Basi upondo alikuwa nao."

Alikuwa nao, na ndiyo maana siwezi kukiweka kisa chake kapu moja na ndege yetu ya Dodoma. Tena hakukimbilia maajabu: aliwaita watu wa uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, kwa redio hapo hapo, nao wakamtaka ahakikishe si puto la hali ya hewa. Mzee akataka kujua kama kuna mwingine aliyeona. Nikamjibu kwamba ndani ya ndege ile mlikuwa na abiria tisa, na kamera zilitolewa.