Walioandikwa “Hasi”

Mimi ni mzaliwa wa Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda, na katika miaka ya tisini nilikuwa muuguzi kwenye kituo cha malale cha Omugo. Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha matibabu pale kuanzia 1995 hadi 2002. Watu wetu walikuwa wamerudi kutoka Zaire na Sudan, walikokimbilia utawala wa Idi Amin ulipoanguka, wakakuta mashamba yamekuwa pori na mbung'o wametamalaki kando ya mito. Anayechota maji, anayefua nguo, anayeloweka muhogo, wote waliumwa.

Wengi huijua malale kwa usingizi. Wodini tuliitambua pia kwa jinsi mtu anavyojongea. Kimelea kikishaingia ubongoni, mikono hutetemeka, ulimi ukitolewa nje nao hutetemeka, hatua hufupika, viungo vya wengine hujinyonganyonga vyenyewe. Ipo alama moja iliyokuwa ikinitisha, yenye jina la Kérandel, daktari Mfaransa aliyeigundua mwilini mwake alipougua: unagonga muundi wa mgonjwa, ananyamaza, unadhani hakuhisi kitu, kisha baada ya kitambo maumivu yanamfikia na anapiga ukelele.

Bingwa wa magonjwa ya mwendo na mitetemo hatukuwa naye. Tulikuwa na jamaa za wagonjwa, na kwa haki ya Mungu waliona mbali. Mama mmoja alinieleza kuwa binti yake alianza kumwaga chumvi miezi mingi kabla hajaanza kusinzia mchana. Mwingine aliona matuta ya mumewe yamepinda, mume ambaye kijiji kizima kilikuwa kikimsifu kwa jembe lake. “Sista, huyu hanywi pombe,” aliniambia hata kabla hajaketi, kwa kuwa alikuwa amechoka kusikia watu wakisema mumewe ni mlevi. Wengine walikuwa wameshaitwa wavivu, au waliorogwa. Mimi nikajizoesha kumuuliza aliyemleta mgonjwa kwanza, kisha mgonjwa mwenyewe.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya maabara: tone la damu kwenye kadi ya kipimo, maji ya tezi za shingo chini ya hadubini, na mwisho sindano ya uti wa mgongo kuona kama ugonjwa umefika kwenye ubongo. Ukiwa umefika, dawa ilikuwa melarsoprol, iliyoanza kutumika 1949 na yenye arseniki ndani yake. Kimiminika chake huharibu plastiki, kwa hiyo tulitumia mabomba ya sindano ya kioo. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Katika kila wagonjwa 100, watano hadi kumi ubongo wao ulishambuliwa na athari ya dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walikufa. Nimewashika mikono watu walioingia wodini kwa miguu yao na kutoka wamebebwa. Uchungu ulizidi ilipobainika kwamba pale Omugo, kwa waliotibiwa 1995 na 1996, dawa ilishindwa kwa zaidi ya robo yao. Dawa nyingine, eflornithine, ilikuwa salama zaidi, lakini ilidai dripu kila baada ya saa sita kwa siku 14, na kwa miaka kadhaa kiwanda hakikuona faida ya kuitengeneza. Ilirudi mwaka 2001, baada ya kelele nyingi.

Leo kuna vidonge vya fexinidazole, siku kumi tu. Tangu 2011 vitambaa vidogo vya buluu vyenye sumu ya mbung'o vimesimikwa kando ya mito ya Arua, Maracha na Koboko. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina yetu si tena tatizo la afya ya jamii nchini Uganda. Siku hiyo nililia kwa furaha.

Lakini sijaacha kuwafikiria waliokuja wakitetemeka na daftari likaandika “hasi”. Kazi ya kituo ilikuwa malale, na ilifanywa vizuri. Hawa hawakuwa na malale, basi walirudi nyumbani na mitetemo yao. Namkumbuka mzee aliyeletwa na mkewe. Mkono wake mmoja ulitetemeka ukiwa umetulia juu ya paja, ukatulia alipoinua kikombe. Uso ulikuwa mkavu, na mkono ule haukupunga alipotembea. Damu yake ilikuwa safi. Mkewe aliniuliza, “Sasa kama si malale, ni nini?”

Miaka ilipita kabla daktari wa Kampala hajamtajia jina: Parkinson. Ugonjwa umeelezwa tangu 1817, na dawa yake, levodopa, imekuwepo tangu miaka ya sitini. Hakuwa peke yake. Kule Hai, Tanzania, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba waliripoti mwaka 2008 kuwa wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwahi kuambiwa wanaugua nini.

Mpwa wa mzee alimtumia vidonge vya levodopa kwa basi. Mzee akaweza tena kufunga vifungo vya shati na kwenda kanisani kwa miguu. Mpwa alipopoteza kazi, vidonge vikakoma, na ndani ya muda mfupi mzee hakuweza kugeuka kitandani. Malale ilipata magari, hadubini na madaktari kutoka ng'ambo. Huyu alimtegemea kijana mmoja mwenye mshahara.